Sura ya Sita: Mwanafunzi wa Ilmu Mbili

Mtu akitoka katika majengo makuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako Kiswahili na isimu hufundishwa, akaishika barabara ya Harry Thuku, akaipita nyumba ya Shirika la Utangazaji la Kenya na hoteli kongwe ya Norfolk, akateremka hadi Museum Hill, akauvuka mto Nairobi katikati ya kelele za magari yaendayo Westlands, atafika Chiromo, katika viwanja ambavyo zamani vilikuwa vya nyumba ya mlowezi Ewart Grogan, na huko ndiko inakofundishwa sayansi ya kompyuta. Mwendo huo, kwa kijana mwenye siha, hauzidi nusu saa. Hata hivyo, kwa kadiri ninavyoujua mji huu, ni haba sana wanaoutembea kwa ajili ya darasa: mwanafunzi wa nahau hukaa ng'ambo hii ya mto, mwanafunzi wa programu hukaa ng'ambo ile, na kila mmoja humstahi mwenziwe kwa mbali pasipo kumwuliza afanyalo. Sura hii inahusu faida na taabu ya kuzisoma ilmu hizo mbili pamoja, katika kichwa kimoja na kwa shahada moja. Na kwa kuwa Waayalandi wamelijaribu jambo hili kwa bidii kwa ajili ya lugha yao, nitaanza kwao, kisha nirudi Chiromo niitazame hali yetu.

Mgawanyo huu haukuzaliwa Chuo Kikuu. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoingia, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na katika mtihani wa kidato cha nne hubeba nambari 102. Somo la kompyuta, nambari 451, liliwekwa katika kundi la nne, pamoja na kilimo, useremala na masomo mengine ya kazi za mikono na ufundi, nalo aghalabu hupatikana katika shule zenye uwezo wa kununua mashine na kuzitunza. Mtoto aliyebobea katika Kiswahili huambiwa na wazee wake kuwa atakuwa mwalimu au mtangazaji. Aliyebobea katika hesabu huambiwa kuwa ataajiriwa na makampuni ya Westlands. Na aliyebobea katika yote mawili hushauriwa, kwa mapenzi mema kabisa, aiache lugha, maana lugha anaijua tayari. Mfumo mpya wa umilisi, ulioanza mwaka 2017, umeitangulizia mbele hukumu hiyo. Ingawa Kiswahili kimebaki katika masomo ya lazima, mwanafunzi wa gredi ya kumi hutakiwa achague njia moja kati ya tatu, na anayetaka kuzama katika lugha huelekezwa njia ya sayansi za jamii, ilhali kompyuta iko katika njia ya sayansi na teknolojia. Yaani kijana wa miaka kumi na mitano ataulizwa yuko ng'ambo ipi ya mto ule kabla hajapata hata kuuona.

Tuje sasa kwa Waayalandi. Mitaa ya magharibi ya Nairobi ina ujirani wa siku nyingi na nchi hiyo, ila si ujirani wa lugha. Masista wa Loreto walifungua shule yao ya Msongari mwaka 1921, na mwaka 1939 mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ayalandi wakafungua St Mary's karibu nao. Na hivyo vizazi kadhaa vya watoto wa Nairobi vilifundishwa Kiingereza fasaha na watu ambao mababu zao walikuwa wameipoteza lugha yao wenyewe kwa sababu ya Kiingereza hicho hicho. Sidhani kuwa walilificha jambo hili. Nadhani tu kwamba hakuna aliyewauliza. Laiti mmoja wa wanafunzi angewauliza, angesikia hikaya ambayo Mkenya angeielewa upesi: hikaya ya lugha iliyobaki magharibi ya kisiwa, kwa wavuvi na wakulima, wakati miji ilipohamia lugha ya dola, na kisha ikatafutwa tena na serikali huru kwa sheria na mitihani.

Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937, katika ibara ya 8, inakitaja Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Hadi mwaka 1973 mwanafunzi aliyeshindwa Kiayalandi katika mtihani wa kumaliza shule alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani mzima, hata awe amepata alama za kupigiwa mfano katika fizikia na Kilatini. Walakini amri ya serikali humfikisha mtu darasani, haimfikishi sokoni. Katika sensa ya mwaka 2022 watu 1,873,997 walijibu kuwa wanakijua Kiayalandi, na miongoni mwao waliosema kwamba hukitumia kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Linganisha idadi hiyo na wasemaji wa Kiswahili, ambao UNESCO huwataja kuwa wamepita milioni 200, na msomaji atastaajabu kwa nini mimi nimpeleke Mswahili kwa Mwayalandi kutafuta mashauri.

Sababu ni kwamba uchache huleta tadbiri. Lugha yenye wasemaji wengi hujidanganya kuwa itajitunza; lugha yenye wasemaji haba hulazimika kumhesabu kila mtu mwenye manufaa na kumpangia kazi. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Jiji la Dublin kiliunda kitengo kiitwacho Fiontar, ambacho kilifundisha fedha, kompyuta na ujasiriamali kwa Kiayalandi chenyewe, pasina Kiingereza kuwa ngazi ya kupandia. Trinity College, katika mji huo huo, nayo iliweka shahada inayounganisha sayansi ya kompyuta, isimu na lugha moja, na Kiayalandi kimo katika lugha ambazo mwanafunzi huweza kuchagua. Mtu huyo hujifunza kuandika programu na hujifunza pia sauti, sarufi na maandishi ya lugha aliyoichagua, na matokeo yake yote huandikwa katika cheti kimoja. Kutoka Fiontar ikatoka hazina ya istilahi, focal.ie, mwaka 2006, na miaka miwili baadaye hazina ya majina ya mahali, logainm.ie, ambamo vijiji na vilima vya Ayalandi vina majina yao sahihi katika lugha zote mbili. Haikuwa ajali kwamba vitu hivyo vilitokea wakati ule. Tarehe 1 Januari 2007 Kiayalandi kilikuwa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, lakini kwa masharti, kwa kuwa wafasiri na istilahi havikutosha. Masharti hayo yaliondolewa mwanzoni mwa 2022, na katika miaka hiyo kumi na mitano palikuwa na mishahara ya kweli kwa mtu aliyejua nahau ya Kiayalandi na kujua pia namna hazina kubwa ya maneno inavyopangwa ndani ya mashine. Sheria ilizaa haja, haja ikazaa kazi, na kazi ndiyo iliyomleta mwanafunzi darasani; wale wanaodhani kuwa mapenzi ya lugha yangetosha peke yake hawajawahi kulipa kodi ya nyumba.

Lakini ipo sababu nyingine, ya ndani zaidi, ambayo kwayo Mwayalandi na Mswahili wamo katika safu moja mbele ya kompyuta, nayo ni kwamba lugha zao hubadilika mbele. Kiingereza, ambacho mashine hizi zilizaliwa katika malezi yake, hubadilisha maneno yake mkiani, kwa hiyo programu nyingi za kutafutia na kusahihishia maandishi zilijengwa ili kukata mikia. Katika Kiayalandi mashua ni bád, lakini mashua yangu ni mo bhád, na mashua yetu ni ár mbád. Atafutaye katika kamusi herufi ya kwanza aliyoiona huenda asilipate neno kabisa. Kwa Mswahili mambo ni mazito zaidi, maana sisi hatubadilishi herufi moja tu, bali tunapanga mbele ya mzizi msafara mzima wa viambishi. Chukua kitenzi andika. Viambishi vya mtenda, tukihesabu nafsi na ngeli kwa maumbo yaliyotofautiana, ni kumi na vinne. Tuchukue njeo sita tu, na, li, ta, me, ki na nge. Viambishi vya mtendwa ni kumi na vitatu, au pasiwe na hata kimoja. Zidisha, utapata maneno 1,176, na bado hatujakanusha, hatujaweka kirejeshi, wala hatujagusa andikia, andikisha, andikiana na jamaa zake. Mengi katika hayo hakuna atakayeyatamka mpaka kiama, lakini karibu yote ni halali kwa sheria ya nahau, na orodha ya maneno, hata iwe ndefu namna gani, haiwezi kumsahihisha mwandishi wa Kiswahili.

Tiba ya ugonjwa huu ilipatikana Helsinki. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi, akiwa na Kifini mbele yake, lugha ambayo nayo ina viambishi visivyokwisha, alitoa nadharia ya kuchanganua maneno kwa ngazi mbili: ngazi ya neno kama lilivyoandikwa na ngazi ya vipande vyake, na baina ya hizo mbili mtambo mdogo ambao husogea kutoka hali moja hadi nyingine. Msomaji wa Nairobi ataufahamu mtambo huo akifikiria matatu ya Kangemi, ambayo ina vituo vyake kwa mpango, kwamba ukishatoka mjini utapita Museum Hill kabla ya Westlands na Westlands kabla ya Kangemi, na kondakta hamkubali abiria anayetaka kushuka mahali ambapo njia haipiti. Vivyo hivyo, baada ya kituo cha nafsi lazima kije kituo cha njeo, baada ya njeo huenda kikawepo cha mtendwa, kisha mzizi, kisha kauli, kisha irabu ya mwisho, na neno lisiloweza kupita vituo hivyo kwa utaratibu si neno la Kiswahili. Katika chuo hicho hicho alikuwako Arvi Hurskainen, mtaalamu wa lugha na tamaduni za Afrika, ambaye aliichukua nadharia ya mwenzake na kuitia katika Kiswahili, na mwaka 1992, katika toleo la kwanza la jarida la masomo ya Afrika la nchi za kaskazini ya Ulaya, akachapa maelezo yake. Kazi hiyo ilikua ikawa mfumo uitwao SALAMA. Na mwanzoni mwa karne hii, Elaine Uí Dhonnchadha wa Dublin alikifanyia Kiayalandi kazi ya namna hiyo, kwa zana za kampuni ya Xerox zilizotokana na ukoo huo huo wa fikra. Kwa hiyo mchanganuzi wa kwanza mkubwa wa Kiswahili na mchanganuzi wa Kiayalandi ni binamu, na nyumba ya babu yao imo Ufini.

Nataka nisimame hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wa ng'ambo zote mbili za mto hukosea. Mtaalamu wa kompyuta akiambiwa habari za vituo vile hudhani kuwa kazi imekwisha, na kwamba mwenye lugha alihitajiwa tu kutoa orodha ya viambishi. Basi mpe neno hili: hakukupendeza. Katika sentensi moja lina maana kwamba yeye hakukupendeza wewe: mtenda ni mtu, ku ya kwanza ni ya ukanushi wa wakati uliopita, ku ya pili ni wewe uliyechukizwa. Katika sentensi nyingine mtu anasimulia habari za mahali, anasema kuwa huko hakukupendeza, na mara mtenda si mtu tena bali ni mahali, ku ya kwanza ndiyo mtenda, ku ya pili ndiyo ukanushi, na hapana mtendwa yeyote. Herufi ni zile zile, hata moja haikuongezwa. Mashine itatoa majibu yote mawili kwa adabu, na kuyachagua ni lazima iongozwe na kanuni zilizoandikwa na mtu anayejua kuwa huko, kule na humu huvuta upatanisho wao, na ambaye amewahi kusikia sentensi kama hizo zikisemwa. Kwa upande wa pili, mwanaisimu anayelijua jambo hili vizuri, na ambaye amelieleza ubaoni mara nyingi, aghalabu hawezi kuliandika kwa namna ambayo mashine italishika, na hivyo ujuzi wake hubaki katika madaftari ya wanafunzi wake. Kumweka mmoja karibu na mwingine husaidia. Walakini nimeona katika makundi ya namna hiyo kuwa nusu ya muda hupotea katika kufasiriana, na kwamba mtu mmoja mwenye kiasi cha yote mawili huwafaa kuliko mabingwa wawili wasiosikilizana.

Isidhaniwe kwamba Chiromo imelala. Peter Waiganjo Wagacha, mwalimu wa kompyuta wa huko, akishirikiana na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver wa Ubelgiji, alifanya kazi ambayo wapenda lugha wa Kenya hawaijui kama inavyostahili. Mwaka 2009, katika mkutano wa Athens, walitangaza hazina iitwayo SAWA, yenye maandishi ya Kiingereza na tafsiri zake za Kiswahili, sentensi kwa sentensi, ili mashine ijifunze kufasiri. Kabla ya hapo walikuwa wamekishughulikia Kikuyu. Lugha hiyo ina irabu saba, na mbili katika hizo huandikwa ĩ na ũ, zikiwa na alama ya wimbi juu yake. Lakini vibodi vilivyouzwa Nairobi havikuwa na alama hizo, na mwandishi mwenye haraka aliandika i na u tupu, akamwachia msomaji kukisia. Wagacha na wenziwe waliifundisha mashine kuzirudisha alama kwa kutazama herufi zilizo kandokando ya irabu, si kwa kutafuta neno zima katika kamusi, na kwa njia hiyo iliweza kurekebisha hata neno ambalo haijawahi kukutana nalo. Anayetaka kuona jinsi ulimwengu ulivyo mdogo na azingatie kwamba mwaka 2011 Kevin Scannell, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Saint Louis huko Marekani, aliyetumia miaka mingi kuunda visahihishi na hazina za maandishi ya Kiayalandi, lugha ambayo irabu zake nazo hubeba alama na huteswa na vibodi visivyo nazo, alichapa makala juu ya kuzirudishia alama lugha za Afrika. Mtu huyu hakutumwa na Afrika. Ila tatizo aliloliona katika lugha moja alilitambua katika nyingine, kama daktari aliyeugua malaria mwenyewe.

Na kuna jambo jingine la ujirani. Kiayalandi kilikuwa na mwandiko wake wa kale, wenye nukta juu ya konsonanti, ambao katikati ya karne iliyopita uliachwa kwa ajili ya herufi za Kirumi. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu kabla ya wamisionari na serikali kuzitawaza herufi za Kirumi. Tenzi nyingi za Lamu, Pate na Mombasa zimo katika mwandiko ule wa zamani, ambao kijana wa leo hausomi. Kevin Donnelly, aliyekitumikia Kiwelisi, ndugu wa Kiayalandi, kwa kamusi yake Eurfa, ndiye huyo huyo aliyetengeneza Andika!, chombo cha kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu katika kompyuta. Sijui kama mtu mwingine angeliona pengo hilo isipokuwa yule aliyezoea lugha ndogo na karatasi zake zilizosahauliwa.

Baada ya kazi zile za Chiromo ukaja mradi wa Kencorpus, uliotangazwa mwaka 2022, ambamo walimu wa Chuo Kikuu cha Maseno, wa Nairobi na wa Africa Nazarene walikusanya Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya katika lahaja tatu, Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Walipata maandishi 4,442 yenye maneno kama milioni 5.6, na rekodi za sauti 1,152 zinazodumu saa 177. Kwa mizani ya makampuni makubwa hiyo ni tone. Hazina ya Helsinki ya Kiswahili peke yake, ambayo ilianza na maneno milioni 12.5, ilifikia milioni 25 katika toleo lake la pili. Lakini tofauti iko katika kitu kingine. Katika majina ya waliofanya kazi ya Kencorpus wamo watu wa Kiswahili na watu wa kompyuta, na hii ndiyo sura ya kazi ninayoitetea, ijapokuwa bado ni ushirika wa walimu waliokomaa, si malezi ya mwanafunzi mmoja tangu mwaka wake wa kwanza.

Wenye shaka husema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kuwa mwanafunzi huyo atatoka na nusu ya hesabu na nusu ya nahau, asifae kwa mwajiri wala kwa shule. Jibu langu ni kwamba hakuna anayetaka nusu ya kila kitu. Yapo mambo ya kompyuta ambayo mwanafunzi wa lugha hana budi kuyamiliki kwa ukamilifu, nayo ni nadharia ya mitambo ile ya hali na vituo, takwimu, mpangilio wa hazina za data, na namna mashine inavyojifunza kwa mifano. Na yapo ambayo anaweza kuyaacha, kama vile undani wa nyaya na mitandao. Vivyo hivyo katika lugha hana budi kuzijua sauti, sarufi na lahaja. Wengi wanaopanga kozi za namna hii, wakitafuta nafasi, hukata fasihi kwanza, kwa kudhani kuwa ni pambo. Nami naona kuwa hapo ndipo wanapoharibu. Hazina zetu za maandishi zimejaa habari za magazeti na hansadi za Bunge, kwa sababu hizo ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na mashine inayolelewa na habari na hansadi itasema maisha yake yote kama karani anayesoma taarifa. Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyekuwa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapa mwaka 1979 kitabu juu ya Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa, na mwanafunzi aliyekaa na beti zile akazielewa hatadanganyika kwamba Kiswahili chote ni kile cha taarifa ya saa moja. Atajua kipi hakimo katika hazina yake, na hilo kwa mwanasayansi ni jambo kubwa kuliko kujua kilichomo.

Kuhusu mwajiri, sioni haja ya kusema mengi, maana barabara ya Waiyaki inasema yenyewe. Safaricom, ambayo makao yake yako hapo Westlands, ilianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, na tangu zamani mteja ameweza kuichagulia menyu yake Kiswahili. Katika barabara ya Ngong, iHub ilifunguliwa mwaka 2010 na kuwakusanya vijana wa programu. Na mwaka huo huo Katiba mpya, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ikaiagiza serikali ikuze lugha za asili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Ibara hiyo ina uzito wa ile ya Waayalandi, ila haijazaa bado kazi kama zao. Benki inayotaka mashine ya kumjibu mteja kwa Kiswahili hununua iliyotengenezwa kwingine, kisha hushangaa kuwa mteja wa Kawangware, ambaye katika sentensi moja huanza kwa Kiswahili, hupitia Sheng na kumalizia kwa Kiingereza, haeleweki; na hakuna ofisini wa kueleza kwamba mteja huyo hakosei, bali anafuata kanuni zake, ambazo zinaweza kuandikwa.

Na hapa mitaa ile ya magharibi ina utajiri ambao Dublin haina. Mwayalandi anayetaka kuisikia lugha yake katika vinywa vya wenyewe husafiri hadi pwani ya Galway au Donegal. Mwanafunzi wa Chiromo anayetafuta Lubukusu au Lulogooli hupanda matatu hadi Kangemi au Kawangware, ambako jamaa wa Kiluhya wamejaa tangu siku nyingi, na ambako shangazi yake huenda anauza mboga. Huko atakuta kazi ya shahada nzima. Tahajia za lahaja hizo hazikuwekwa na mkono mmoja, na watu wawili wa kijiji kimoja wakiandikiana ujumbe wa simu huenda wakaliandika neno moja kwa namna mbili. Mashine italihesabu kuwa maneno mawili, na hazina ndogo itazidi kuwa ndogo. Ni nani atakayeamua tahajia ipi ishikwe? Programu haiwezi, kwa kuwa itachagua ile iliyo nyingi, na iliyo nyingi huenda ni ile ya kanisa moja lililotangulia kuchapa. Mwanaisimu peke yake ataandika waraka mzuri ambao hautatumika. Mwanafunzi wa ilmu mbili ataziacha tahajia zote katika hazina, aziunganishe kwa kanuni nyuma ya pazia, ili anayetafuta kwa moja azipate zote, na kila mwandishi abaki na mkono wake. Tasnifu ya namna hiyo itahitaji watahini wawili, mmoja kutoka kila ng'ambo, nao itawabidi wakubaliane juu ya alama moja, jambo ambalo kwa sasa kanuni za idara hazijui kulipangia fomu.